Yuko Nyumbani, Atarudi Saa Kumi na Moja

Imesemwa mtaani, na hata ndani ya ukoo, kwamba marehemu mume wangu alikuwa na nyumba ya pili. Mimi niliyeishi naye miaka thelathini na mmoja naeleza ilivyokuwa, mara moja tu.

Mume wangu aliandika programu za kompyuta. Alisifika kwa kuunganisha maandishi ya skrini na taarifa zaidi ya moja, ili sentensi ijiandike yenyewe na kubadilika kila taarifa inapobadilika. Watoto walipoondoka tukabaki wawili, alinitundikia skrini ndogo jikoni, maana nilikuwa nikimpigia simu kila mara kuuliza yuko wapi na atarudi lini. Sentensi yake ilikuwa na nafasi tatu. Jina aliandika "Bwana Mkubwa," utani wake. Mahali palitoka kwenye simu yake. Saa ya kurudi aliiweka mwenyewe kila asubuhi kabla ya kutoka.

Siku ya mwisho alirudi mapema, saa saba mchana, akilalamikia kifua. Alifia kitini nikimchemshia maji, simu ikiwa mfukoni mwake. Skrini ikabaki na maneno haya: "Bwana Mkubwa yuko nyumbani, atarudi saa kumi na moja jioni."

Msibani wifi yangu aliingia jikoni kutafuta vikombe, akayasoma kwa sauti mbele ya wanawake wote.

"Yuko nyumbani, halafu atarudi? Huko nyumbani ni kwa nani? Wifi, ulikuwa unajua?"

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Hapo liliharibika. Kufikia kesho yake mke mdogo alikwishapewa mtaa wa kuishi na watoto wawili.

Nilimwita kijana wa ofisini kwake, nikamwita na wifi. Kijana alichukua simu ya marehemu akatoka nayo hadi barabarani. Skrini ikasema yuko njiani. Aliporudi, ikasema yuko nyumbani. Saa haikutikisika. Akaeleza kwamba mahali hujibadilisha, lakini saa hubadilishwa na mkono wa mwenyewe. Ilipasa saa ijifiche mara mwenye simu anapofika, na kwa wateja marehemu hakuwahi kusahau hilo. Kwake alisahau. Kinyozi hajinyoi, akasema, na wifi akacheka kidogo, kisha akainamisha kichwa.

"Nimekukosea, wifi yangu," akasema. Halafu akamgeukia kijana. "Basi ifute hiyo saa, mwanangu, watu wanyamaze."

"Ni dakika moja tu, mama," kijana akaniambia. "Niifute?"

Nikamwambia aiache.

"Utawaachia watu waendelee kutusema?" wifi akauliza.

Nikamjibu kwamba atakayeuliza sasa ana jibu, na wifi mwenyewe ndiye atakayelitoa, kwa kuwa ndiye aliyeanza. Amelitoa, nyumba kwa nyumba, namshukuru.

Skrini ingali ukutani. Simu naichaji kila asubuhi, maana ikizimika nafasi ya mahali hubaki tupu. Jina la mume wangu ni safi. Kwa nini sikuifuta saa, hilo sisemi.