Mzee Sawasawa Amalizia Dirishani

Fundi vigae yeyote, hata aliyeanza kazi juzi, anajua: unaanzia ukuta wa mbali, unarudi kinyumenyume, unamalizia mlangoni. Ukikosea, umejifungia ndani ya kazi yako mwenyewe. Mzee Sawasawa, aliyepewa jina hilo kwa kunong'ona "sawasawa" kila kigae kinapolala vizuri, alifuata utaratibu huo miaka arobaini na miwili. Leo, jamani, huyo hapo kapiga magoti chini ya dirisha, kwenye kipande cha sakafu kisichozidi mkeka. Mlango uko kule, na katikati ni vigae vibichi vitupu.

Msidhani kachanganyikiwa. Mlango ulikuwa haujatiwa fremu, ukuta mtupu, hakuna pa kushika. Dirisha lilikuwa na nondo. Na siku hizi, bila kitu cha kushika, Mzee Sawasawa hainuki.

Siri hiyo aliibana tangu mwezi wa nne, aliposhindwa kuinuka bafuni kwake akakaa chini kutwa nzima, mpaka jirani akavunja mlango. Bintiye, mwalimu asiyejua kupepesa maneno, alimwambia, "Baba, nikikukuta umekwama chini tena, kazi basi. Nyumba tunafunga, unahamia kwangu."

"Niliteleza tu, mama," akamdanganya.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimpa zoezi, bintiye akisikia: kila asubuhi ashuke sakafuni, ainuke bila kushika kitu, mara kumi. Mzee akacheka mpaka machozi. Ati yeye, aliyeishi sakafuni, afundishwe sakafu! Hakulifanya hata siku moja.

Sasa ilikuwa saa sita kasorobo. Binti hupita na chakula saa sita kamili, wala hachelewi.

Mzee akakidaka chuma cha dirisha. Goti la kulia likagoma. Akavuta tena, jasho likamchuruzika machoni. Akakiona chumba cha nyuma kwa bintiye, kitanda kimeshatandikwa, yeye akishikwa makwapa kupelekwa msalani. Na viatu vya binti hivyo, vinapanda ngazi.

"Inuka wewe," akajitukana. "Inuka, mzee mpumbavu!"

Binti alipotokea mlangoni, baba yake alikuwa wima, anahema, anatabasamu kwa shida.

"Haa, leo umesimama kama askari! Haya, toka tule."

"Tangulia tu, nakuja."

Binti akainua mguu aingie, akausimamisha hewani. Alikulia kwenye kazi hizi, akimpokeza baba yake vigae tangu hajaota meno ya pili. Akatazama vile vigae vibichi, akavifuata kwa macho safu kwa safu mpaka dirishani, mpaka kwenye mkono uliong'ang'ania nondo.

"Baba," akasema taratibu, "tangu lini tunamalizia dirishani?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshaiva. Mzee akaumeza.

"Tangu mwezi wa nne. Siwezi kuinuka, mwanangu. Naogopa."

Binti akajifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaweka kapu chini, akavua viatu, akakaa palepale mlangoni.

"Gundi itashika saa ngapi?"

"Hii ni ya haraka. Saa kumi hivi."

"Basi tuna muda. Shuka chini."

"Mama, nihurumie, chakula kitapoa."

"Kipoe. Shuka, halafu inuka, na nondo usiguse. Habari ya kuhama tutaongea ukishasimama."

Mzee Sawasawa akashuka, magoti yakilia. Nondo zilikuwa hapo hapo, karibu na sikio lake. Akaiweka mikono yote miwili mapajani.

"Moja," binti akahesabu.

Ilimbidi aseme "moja" mara nne kabla ya kusema "mbili."