Kura ya tatu iko Nyarusange

Saa tatu na nusu asubuhi, Shazia Nazarali amesimama mbele ya kabati la chuma nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, katikati ya mji wa Gitega, Burundi. Mkononi ameshika waya wa buluu. Kwenye kaunta wateja watano wanasubiri mabati na misumari. Kando yake yuko fundi wa seva zake, Adventina Ndayikeza, mikono ameikunja kifuani.

"Nivute?"

"Vuta, Madamu."

"Na duka ikikufa?"

"La hapa litasimama. La Muyinga ndilo tunaloliangalia."

Shazia anavuta. Taa ndogo ya kijani kwenye kabati inazimika. Kuanzia sasa duka la Gitega halina mawasiliano na dunia, na Adventina hana la kufanya ila kungoja.

Jaribio hili lina sharti lililowekwa wazi. Shazia na mdogo wake Mansoor, anayesimamia tawi la Muyinga, wamekubaliana kwamba Muyinga ikishindwa kuuza wakati Gitega imekatika, mfumo wote utang'olewa na maduka yatarudi kupigiana simu. Mkataba wa Adventina, wa faranga laki sita kwa mwezi, utaishia mwisho wa mwezi huu.

Kazi yake si rahisi kuielezea, na yeye haipambi. "Watu hudhani ninatengeneza kompyuta," anasema. "Mimi ninahakikisha kwamba namba moja inabaki namba moja, hata ikiwa imeandikwa sehemu tatu."

Namba hizo ni bidhaa zilizobaki ghalani. Mteja anaweza kulipia mabati Muyinga na kuyachukua Gitega, au kinyume chake. Zamani za simu ilitokea mara nyingi mabati yaleyale yakauzwa kwa watu wawili, na wote wawili wakafika na risiti halali.

Dawa aliyoileta Adventina ni hifadhi ya ufunguo na thamani. Ufunguo ni jina la bidhaa, thamani ni idadi iliyopo. Hifadhi yenyewe ni programu iliyofungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila kitu inachohitaji ili iendeshwe kwenye seva yoyote ya kundi. Nakala zake hukaa kwenye mashine tofauti, na hakuna mauzo yanayokubalika mpaka zaidi ya nusu ya mashine ziwe zimeyaandika. Vitabu vya fani vina neno lao. Yeye hutumia la Kiswahili, akidi, kama ya mkutano.

Kiswahili hicho alikipata shuleni. Alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika familia iliyokimbilia Tanzania mwaka 1972, na alirudi Burundi mwaka 2009 akiwa na miaka kumi na mitano. Alirudishwa nyuma madarasa mawili kwa sababu hakujua Kifaransa. "Hesabu nilikuwa naijua. Sikujua tu inaitwaje," anasema. Baada ya shule ya ufundi alifanya kazi katika duka la kompyuta la mtaani Yoba, akisoma usiku miongozo ya programu huria, mpaka Shazia alipomwajiri miaka miwili iliyopita.

Mfumo wa kwanza alioujenga ulishindwa, na chanzo kilikuwa utaratibu wa familia. Mzee Nazarali, alipowaachia watoto wake biashara, aliweka kanuni moja: anachopewa mmoja na mwenzake apewe. Maduka yana malori mawili kila moja, vibao vya ukubwa uleule, hata mizani za aina moja. Kwa hiyo seva nazo zikawa mbili Gitega na mbili Muyinga.

Adventina alikuwa amesoma kwamba idadi ya mashine isigawanyike kwa mbili. "Nililitaja mara moja," anasema. "Madamu akasema Mansoor atanuna. Sikulitaja mara ya pili. Nilikuwa mgeni kazini, halafu nilijiambia nne si ni nyingi kuliko tatu?"

Akidi ya wanne ni watatu. Mtandao kati ya miji hiyo miwili ulipokatika, siku ya soko mwanzoni mwa mvua, kila upande ulibaki na mashine mbili. Hakuna upande uliofikisha tatu, na maduka yote mawili yakagoma kuuza. Wakulima waliotoka mbali na baiskeli walirudi bila mabati.

Maneno ya Mansoor siku hiyo bado yanarudiwa dukani. "Mashine ine iko pale, hata moja haitumike! Ningeuziwa ng'ombe ine, moja ingenipa maziwa, quand même, angalau moja."

Suluhisho kwenye karatasi lilikuwa jepesi: mashine tatu, kila moja mahali pake, akidi mbili. Kigumu kilikuwa mahali pa tatu. Palitakiwa pasiwe Gitega mjini wala Muyinga, pawe na umeme wa uhakika na njia yake ya mtandao. Adventina alipata mahali pamoja tu pa kufaa: ghala la ushirika wa wakulima wa Nyarusange, nje ya mji wa Gitega, wengi wao wakiwa waliorejea kutoka Tanzania kama yeye, wenye paneli za sola juu ya paa na mtandao wao wenyewe.

Mwenyekiti wao, Longino Bukuru, hakuhitaji maelezo marefu. "Mwaka wa kwanza kamati yetu ilikuwa na wajumbe wanane," anasimulia. "Tukapiga kura juu ya bei ya maharage. Wanne kwa wanne. Tukakaa tunatazamana mpaka maharage yakabunguliwa. Sasa tuko saba, na bado tunagombana, lakini tunamaliza."

Mansoor ndiye aliyepinga. Alimpigia Adventina simu mwenyewe. "Sasa siri ya duka yetu ikae kwa watu ya maharagi?"

"Zimefungwa kwa namba za siri, patron. Hata Longino akiifungua ile mashine kwa bisibisi hataona kitu."

"Na mi unaniondolea moja?"

"Na dada yako pia moja. Mtabaki sawa."

"Sawasawa kabisa?"

"Moja kwa moja, patron."

Alikubali. Ushirika nao unahifadhi hesabu za nafaka za wanachama wake kwenye mashine zilezile, ndani ya sehemu yao wenyewe.

Kuweka programu kulichukua muda mfupi. Kuipanga ndiko kulikochosha. Kontena linaweza kufa na kuzaliwa upya, na kumbukumbu zake zikapotea nalo, kwa hiyo alikipa kila kituo diski ya kudumu inayobaki hata kontena likiondoka. Aliandika kanuni inayokataza nakala mbili kukaa kwenye mashine moja. Kisha akakuta mashine zinachagua kiongozi mpya, yaani ile inayoziongoza nyingine katika kuandika, kila mara bila sababu. Mtandao ulikuwa wa polepole, na zile nyingine, zisipomsikia kiongozi kwa sekunde moja, zilidhani amekufa.

"Zilikuwa zinamzika mtu anayepumua," anasema. Aliongeza muda wa kusubiri hadi sekunde tano. Uchaguzi wa ovyo ukakoma.

Hayo yote yalikuwa kabla ya asubuhi ya leo. Sasa dukani Gitega karani anajaribu kuandika mauzo ya mabati ishirini. Skrini inakataa. Anajaribu tena. Inakataa tena.

"Kumbe matajiri nao wanakatiwa!" anasema mteja mmoja, mwendesha pikipiki, na wenzake wanacheka. Shazia hacheki.

"Adventina, hii imekufa."

"Haijafa, Madamu. Imebaki peke yake, na aliye peke yake hajui wengine wameuza nini. Ikikubali kuuza sasa, ndipo utakuwa na haki ya kunifukuza."

Shazia anamtazama, kisha anaitazama simu yake iliyolala kwenye kaunta. Mpango ni kwamba Mansoor apige akishauza. Haijalia. Adventina anaangalia sakafu. Karani anaacha kubofya.

Simu inalia. Shazia anaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Shazia! Mi niko nauza. Mabati arobaini imetoka sasa hivi, na simenti. We iko unafanya nini?"

"Mi niko nangoja."

"Bon. Basi leo makao makuu iko Muyinga!"

Duka zima linacheka, naye Shazia safari hii anacheka. Waya unarudishwa mahali pake. Baada ya muda mfupi idadi ya mabati kwenye skrini ya Gitega inashuka yenyewe kwa arobaini. Karani anaandika mauzo ya mabati ishirini, yanakubalika, na yule wa pikipiki anapewa misumari yake.

Shazia hakuishia hapo. Alimtaka mdogo wake naye avute waya wake, na kwa mujibu wa mashahidi wa Muyinga alivuta bila furaha yoyote. Gitega iliuza. Mansoor aliporudisha waya, Longino akazima mashine ya Nyarusange, na maduka yote mawili yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Adventina alieleza mara moja kile ambacho mfumo hauwezi: vituo viwili vikikatika kwa wakati mmoja, hakuna atakayeuza. Shazia alisikiliza, akauliza hilo linaweza kutokea mara ngapi, akaambiwa si mara nyingi. Kabla ya saa sita mkataba mpya wa miaka miwili ulikuwa umesainiwa.

"Nimeajiri watu ya diplome nyingi," anasema Shazia. "Huyu ni wa kwanza kunipa duka, akaniambia niivunje mbele ya wateja."

Adventina anaficha furaha yake vibaya. Amevaa blauzi aliyoinunua kwa ajili ya siku hii, na amekwisha kumtumia mama yake picha ya ile skrini. Lakini ukimwuliza kinachofuata, anaanza na kasoro.

"Mashine yoyote kati ya tatu inaweza kufa leo, na biashara ikaendelea," anasema. "Mimi nikiugua, itaendelea mpaka siku kitu kitakapoharibika. Hilo ni kosa la usanifu, nami ndiye msanifu."

Atawafundisha watu wawili: Anisia, karani wa Muyinga ambaye tayari amejifunza kusoma ripoti za mfumo, na Josefina, mweka hazina wa ushirika wa Nyarusange. Somo la kwanza ni Jumatatu. Litahusu namna ya kuzima seva bila kumwuliza Adventina.

Wakishaweza, ataomba likizo yake ya kwanza. Anataka kwenda Ulyankulu kumwona shangazi aliyebaki huko, ambaye hajamwona tangu arudi Burundi, akae mwezi mzima. Simu ataiacha wazi.

"Wakinipigia," anasema, "iwe ni kunisalimu tu."