Sauti Iliyomwambia Baba Asubiri

Baba yangu aliwahi kubishana na mimi kwa kutumia sauti yangu mwenyewe. Na akanishinda.

Msinicheke. Ngoja niwape kisa kizima.

Kazi yangu ni kuuza sauti. Ukisikia tangazo la godoro, sabuni ya unga au mabati, huenda ni mimi. Sura yangu haimshughulishi mtu.

Mwaka wa uchaguzi nikaitwa studio kusoma tangazo la mgombea mmoja. Nikasainishwa karatasi kwamba sitamwambia mtu kuwa sauti ni yangu.

Picha zilikuwa tamu: mtoto anakimbia na daftari, bibi anacheka bila meno, mgombea kakunja mikono ya shati, kainama kumsikiliza mkulima. Nikaanza kusoma. Mtayarishaji, tuliyemwita Bosi Kubwa, akanikatiza.

"Unasoma kama unauza godoro."

"Si ndiyo kazi yangu, bosi?"

"Sikiliza. Mtazamaji hajali ahadi. Anajali kama anayeahidi anampenda. Chagua mtu mmoja unayempenda, ongea naye. Wengine wote wasahau."

Nikafumba macho. Nikamchagua baba.

Baba anaishi na dada yangu mkubwa, mji mwingine. Nikienda kumwona huwa namvua viatu na kumwambia, "Mzee wangu, kaa utulie." Basi maneno hayo yakanitoka yenyewe. Kwenye maandishi ya tangazo hayakuwepo.

"Mzee wangu, kaa utulie. Usihangaike tena na safari ndefu. Hospitali inakuja mlangoni kwako."

Bosi Kubwa akajifuta macho.

"Hiyo hapo," akasema. "Hiyo hatuigusi tena."

Nilirudi nyumbani najiona fundi.

Wiki mbili baadaye dada akapiga simu. Baba alikuwa na presha ya macho, na daktari alishasema afanyiwe upasuaji mwezi ule ule, kwenye hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwa basi. Ugonjwa ule ukishachukua uoni, haurudishi. Tarehe ilishapangwa.

"Kagoma," dada akasema. "Njoo uongee naye wewe, mimi nimechoka."

Nilimkuta sebuleni mbele ya televisheni, kichwa kakiinamisha upande ili atumie jicho lenye nafuu. Begi alilofungiwa na dada lilikuwa mlangoni.

"Baba, Jumanne tunaondoka."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Nyamaza kwanza, linakuja."

Likaja kweli. Mtoto, daftari, bibi. Halafu mimi: mzee wangu, kaa utulie.

"Umesikia?" baba akaniuliza. "Kasema nisihangaike."

"Baba, hilo ni tangazo. Analipwa huyo."

"Anayelipwa tu haongei hivyo. Huyo ana mapenzi."

Dada alinitazama akisubiri niendelee. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Nilitoka nje nikampigia Bosi Kubwa, nikamwomba auondoe ule mstari. Akacheka kwa upole.

"Huo ndio unaoleta kura, ndugu yangu. Na ile karatasi ulisaini, usisahau."

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia baba ukweli palepale. Niliogopa kushtakiwa. Na niliona aibu, hilo ndilo kubwa.

Jumanne ikapita. Daktari akatoa tarehe nyingine, nayo ikapita. Tulimbembeleza, tukamleta shangazi, akarudishwa kwa heshima zote. Kila nikifungua mdomo, televisheni ilinijibu.

Dada akawa ananipa habari kwa simu. "Leo kamimina chai nje ya kikombe." "Leo kanisalimia mimi akidhani ni jirani." Nilisikiliza tu. Sikuwa na la kufanya, au nilikuwa nalo na sikuthubutu, sijui lipi baya zaidi.

Mgombea akashinda. Kwenye kiwanja cha hospitali aliyoahidi pakasimamishwa bango, basi.

Baba alipobaki na giza macho yote mawili, nikaenda. Nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamvua viatu.

"Baba, nina jambo. Ile sauti ya tangazo ilikuwa yangu."

Alipapasa mpaka akakipata kichwa changu.

"Najua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kwani nani mwingine huniambia nikae nitulie?"



"Sasa baba, kama ulijua ni mimi, mbona nilipokwambia tusafiri ulikataa?"

"Nilidhani unamridhisha dada yako, na ya kazini umekatazwa kusema. Yule mgombea ningemwamini kwa lipi? Hao nimewasikia tangu nina nywele. Nilisema, mwanangu akiweka sauti yake mahali, basi amekwenda kuhakikisha."

Sikuwa nimehakikisha kitu. Hata kiwanja chenyewe sikuwahi kukiona.

Televisheni ikaleta tangazo la godoro, sauti yangu tena. Baba akatega sikio.

"Na hilo," akauliza taratibu, "uliwahi kulilalia?"

Niliendelea kushika viatu vyake.

Ninyi mnaosoma hapa, tangazo la kampeni likiwagusa mpaka mkasisimka, msidhani wanaolitengeneza wameigiza kila kitu. Wanajua kutafuta kitu cha kweli na kukiweka mbele ya ahadi yao.

Mapenzi yangu kwa baba yalikuwa ya kweli kabisa. Hospitali ndiyo haikuwepo.