Mbwa Asipite Goti

Mama mkwe wangu alitoa ruhusa ya mbwa kwa sharti moja, nalo alilitoa akiwa amekaa barazani, fimbo imelala mapajani. "Leta mbwa mdogo," alisema. "Asipite goti langu. Siku akipita goti, anaondoka."

Alikuwa na haki ya kuweka sharti. Nyumba ni yake, migomba na mibuni iliyo nyuma ya nyumba ni yake, na nyonga iliyovunjika ilikuwa yake pia. Mbwa wetu wa zamani, dume lenye mapenzi mengi kuliko akili, lilimrukia getini siku moja akitoka kanisani, kwa furaha tu, likamwangusha kwenye mawe. Dume lile lilikuja kufa kwa uzee wake na hakuna aliyelilaumu, lakini tangu siku ile mama hakushuka tena ngazi tatu za baraza bila kushikwa mkono. Hospitali walimwambia mfupa umeunga, atembee. Akawaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akakaa.

Mimi nilimhitaji mbwa. Tunaishi Sekei ya juu, na wezi walikuwa wanatukatia ndizi mchana kweupe huku nikiwa kwenye cherehani yangu, mume wangu akiwa kazini. Walikata hata mkungu ambao mama alikuwa akiniagiza kila siku nimwangalizie umefikia wapi. Kumwambia kwamba haupo kuliniuma kuliko kuibiwa kwenyewe.

Kabla sijaenda kumtafuta huyo mbwa, nilimpima mama goti. Mimi ni fundi wa nguo, na kwangu kitu kisichopimwa hakijulikani. Alivua kandambili mwenyewe. "Pima chini kabisa," akasema, "nisije nikampendelea." Futi ikasoma inchi kumi na nane.

Nilisubiri hadi siku ya gulio Ngaramtoni. Kando ya wauza maharage nilimkuta mama mmoja wa Kiarusha na kapu, ndani yake watoto wanne wa mbwa wamelaliana. Tukasalimiana, nikamwambia nataka mbwa mdogo. Akatazama kapu, akanitazama mimi.

"Wote wadogo, dada."

"Namaanisha asije kuwa mkubwa. Mama yake mkubwa?"

"Hapana. Mama yake mdogo. Mdogo kabisa."

"Na baba yake?"

"Baba nani anamjua?" akasema, na mwenzake wa maharage akacheka.

Nikaridhika. Nilimchagua wa rangi ya udongo mkavu, kwa sababu ndiye aliyeamka kunitazama. Nyayo zake zilikuwa nene, za mtu aliyevaa viatu vya kaka yake, na ngozi ya shingo ilikuwa na mikunjo iliyokosa mwili wa kuijaza. Nimeshona sare za watoto wa nusu ya mtaa wetu, na kila gauni na kila suruali naiachia pindo la kushushia mtoto akirefuka. Pindo lile la shingoni nililiona, nikasema tu ni mzuri.

Siku za mwanzo alikuwa anakula na kulala, akiamka anakojoa, basi. Nilikuwa nimesahau jinsi kiumbe mdogo anavyofanya kazi ya kukua kana kwamba ameajiriwa. Kila Jumamosi, nikishafagia vipande vya vitambaa, nilimsimamisha ukutani nikampima kutoka sakafuni hadi begani. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, namba za futi hazioni, kwa hiyo alinisubiri nisome.

"Amefika wapi?"

"Inchi tisa, mama."

"Haya."

Halafu kumi na moja. Halafu kumi na tatu. Hakukua kwa mpangilio. Wiki moja miguu ya nyuma ilitangulia, akawa anatembea kama anateremka mlima hata kwenye sakafu sawa. Wiki nyingine yalikuwa masikio, moja likasimama na la pili likakataa kwa siku kumi hivi. Meno ya utotoni yalianza kumtoka, na moja nililikuta limenasa kwenye kola ya shati la mteja. Nilicheka peke yangu hadi nikasimamisha cherehani. Nilishampenda, sitaki kuficha, na ndipo inchi zikaanza kunitisha.

Alipofika kumi na sita, na miezi mitano hajaimaliza, nilirudi Ngaramtoni. Yule mama wa kapu alikuwepo, safari hii anauza kuku. Nikamwamkia, nikamwambia mbwa aliyeniuzia anakua kupita makubaliano, na yeye aliniambia mama yake ni mdogo.

"Ni mdogo," akasema bila wasiwasi. "Alikuwa ndiyo amezaa mara ya kwanza."

"Mdogo wa umri?"

"Sasa mdogo wa nini, dada?" Akainua mkono kunionyesha kimo cha huyo mama mdogo, na mkono ukaenda kusimama juu kidogo ya kiuno changu. Labda alikuwa anahesabu na masikio. Sikuweza hata kukasirika. Kiswahili ni lugha yake ya pili, lakini neno lilikuwa sahihi kabisa kinywani mwake. Mimi ndiye niliyelisikia nilivyotaka.

Nilirudi nyumbani nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nikampunguzia mbwa chakula. Ugali wa kikombe kikawa wa nusu kikombe, dagaa nikawahesabu. Nilijiambia ni kwa faida yake, kwa kuwa mbwa mwenye njaa kidogo lakini mwenye kwao ni bora kuliko mbwa aliyeshiba na kufukuzwa. Ajabu ni kwamba hakukonda. Mbavu zilijaa, manyoya yakang'aa, na Jumamosi futi ikapanda tena.

Siku moja nilitoka ndani ghafla nikamkuta mama ameinama kitini, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine unashusha sakafuni sahani ya loshoro, yale mahindi na ndizi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando ambayo nilimpikia yeye.

"Mama, ukimlisha hivyo atakua."

"Mtoto asikue?" akauliza, akanitazama kwa macho yake yenye ukungu mpaka nikarudi ndani. Nilidhani anasahau sharti lake mwenyewe. Wazee husahau, nikajisemea, na nikaona aibu kufurahi.

Nilimpeleka mbwa Lemara kwa daktari wa mifugo kuchanjwa, nikachomekea swali langu kwa mzunguko, kama kuna njia ya kumfanya mbwa aishie hapo alipo. Daktari, kijana mpole hadi wakati huo, aliacha kuandika. Aliniambia mifupa ya miguu ina ncha laini ambako ndiko urefu unatoka, na ncha zile hufunga kwa wakati wake, kwa mbwa wa umbo hilo ni mwaka na zaidi. Kumnyima chakula hakumfanyi awe mbwa mdogo, kunamfanya awe mbwa mkubwa mwenye mifupa mibovu. Urefu ukiisha, akasema, atabaki kupanuka kifua. Nilitoka pale nimenywea. Jioni ile nilimpa mbwa kikombe kizima cha ugali na kichwa cha samaki juu yake.

Kwa hiyo kilichobaki ni uongo. Alipofika inchi kumi na nane nilisoma kumi na saba. Alipofika kumi na tisa niliinua mwanzo wa futi inchi mbili juu ya sakafu, ili hata dhamiri yangu ione kumi na saba imeandikwa. Miezi ilipita. Mbwa alifika ishirini, akafika ishirini na moja, na kwa mama alibaki kumi na saba kama aliyerogwa. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilijua, maana mwanzo wa futi ulizidi kupanda ukutani. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa namwona mama chini kwenye mawe, halafu namwona mbwa kwenye kapu la mtu mwingine, na sikujua ni kipi nilikiogopa zaidi. Hapana, nilijua. Ndiyo maana nilijichukia.

Baadaye futi ikakataa kupanda. Jumamosi ya kwanza ishirini na moja, ya pili ishirini na moja, mwezi mzima hivyo hivyo. Mbwa alikuwa na mwaka na miezi minne. Nilipomwambia mama kwamba hajaongezeka, alishusha pumzi ndefu, nikaisikia kama ya kupumzika.

Kisha ikaja ile asubuhi baada ya masika. Nilikuwa nashona mikono ya gauni la kipaimara, nimeinamia sindano, na nilipoinua uso kiti cha mama kilikuwa kitupu. Fimbo haikuwepo. Ngazi zilikuwa na matope. Nilitoka mbio hata viatu sikuvaa, nikazunguka nyumba, na kule kwenye migomba nikamwona amesimama. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye fimbo. Wa kushoto ulikuwa juu ya bega la mbwa, na mbwa alikuwa ametulia tuli, anatazama mbele.

Aligonga fimbo mara moja chini, mbwa akapiga hatua mbili. Akagonga tena, akasimama. Yale hayakuwa mambo ya siku moja. Walikuwa wanayafanya barazani, kutoka kiti hadi mlangoni na kurudi, mimi nikiwa chumbani na kelele za cherehani yangu.

"Nani alikufundisha kupogoa hivi?" mama akaniuliza bila kugeuka. "Umeacha machipukizi matano kwenye shina moja. Yatagombana."

Nilikuwa nalia. Mwaka mmoja na nusu na zaidi alikuwa hajaiona migomba yake. Nilipofungua kinywa, kilichotoka si samahani ya machipukizi.

"Mama, nilikudanganya. Mbwa amepita goti. Amepita siku nyingi."

"Mimi macho ndiyo mabovu," akasema. "Mkono hauna mtoto wa jicho. Alipokuwa wa kimo cha goti nilikuwa naiinamia shingo yake mpaka mgongo unalia. Sasa nainama kidogo tu." Akampapasa begani. "Nilikuwa nakusikia na kumi na saba yako, nikasema ngoja aendelee kuona aibu, labda atamwongezea mbwa chakula."

"Mbona hukusema sharti limeisha?"

"Ningesema, halafu nikaogopa kushuka, ungenicheka."

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba, na mbwa alikuwa amefumba macho nusu, mzito na mwenye subira kwenye mkono wake. Mama akageuza uso upande wangu.

"Bado ataongezeka?"

Niliharakisha kumtuliza, tabia ya miezi mingi. "Hapana, mama. Daktari alisema urefu ukishafunga umefunga. Amefika mwisho. Sasa atapanuka tu."

Akapima kwa kiganja ile nafasi iliyobaki kati ya bega la mbwa na pale mkono wake ulipotaka kutua wenyewe. Ilikuwa kama inchi mbili.

"Upana nitaufanyia nini," akasema, "mimi nataka kuegemea, sitaki kulala."