Spika na Vijidudu Vibabe

Jina lake halisi lilishasahaulika. Mjini kote aliitwa Spika, kwa kuwa alikuwa mshereheshaji wa harusi na sauti yake ilijaza ukumbi hata umeme ukikatika. Mdomo haukuwahi kumpa shida. Shida yake ilitokea kwingine kabisa.

Akishashika kipaza sauti, Spika hakuwa na ruhusa ya kukaa, kunywa maji wala kwenda msalani. Haja ndogo aliibana mpaka keki ikatwe. Basi akaanza kuungua. Akikojoa, utadhani anakojoa pilipili. Akamwendea dada yake, ambaye kabati lake la jikoni lilikuwa duka la dawa lisilo na leseni.

"Kunywa vidonge hivi," dada akasema. "Mimi nilipopata nafuu tu niliviacha, nikakuwekea."

Spika naye alikunywa, akapata nafuu, akaviacha. Maradhi yakarudi. Akanunua vidonge vya rangi nyingine, bila cheti wala kipimo, yakaondoka kwa madaha, kisha yakarudi na hasira.

Aliumbuka kwenye harusi ya binti wa mwalimu mkuu mmoja. Baba wa bibi harusi alishika kipaza sauti, akaanza kusimulia maisha ya bintiye tangu akiwa tumboni. Alipofika darasa la pili, Spika alikuwa amekunja miguu kama mkasi. Akampokonya mzee kipaza sauti.

"Makofi kwa baba yetu mpendwa," akasema, akatoka mbio huku kakusanya gauni mkononi.

Watu walipiga makofi kwa shukrani ya kweli. Huko msalani yalitoka matone tu, tena yenye damu. Jioni ile homa ikapanda, mgongo ukauma, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Mumewe akambeba hadi hospitali.

Daktari, mama mnene asiye na haraka, alimchoma dawa ya kuanzia na kuagiza mkojo uoteshwe maabara, wadudu waliomo wakue na kujulikana. Majibu yalipotoka alimwita.

"Tumejaribu dawa mbalimbali juu ya wadudu wako. Hizo ulizokuwa ukimeza, wanaziogelea."

"Lakini nilikuwa napata nafuu, daktari."

"Dawa ilikuwa inaua wanyonge. Ukaacha katikati, wababe wakabaki wenyewe, wakazaana. Huo ndio usugu. Umejifugia jeshi, mama."

Spika akauliza kama ipo dawa ya kuwaweza.

Kwa bahati, ilikuwepo sindano iliyowaweza. Alichomwa mpaka makalio yakakataa kiti, na akamaliza dozi yote ingawa homa ilishuka mapema. Mkojo ukaoteshwa upya, haukuota kitu. Aliporudi kazini aliwaambia wenye harusi, bila aibu, kwamba ratiba itakuwa na nafasi ya mshereheshaji kukojoa.

Kisha akaenda kwa dada, akakomba kabati lote na kupeleka vidonge hospitali vikateketezwe. Dada akanuna. Hakupiga simu, hakupokea, na kwenye kikao cha familia alimpa mgongo.

Asubuhi moja akapiga mwenyewe, sauti ya chini.

"Mdogo wangu, naungua."

"Umemeza nini?"

Dada akajifanya hakusikia.

"Dada, umemeza nini?"

"Viwili tu. Vilikuwa kwenye mkoba, hukuuona."

Spika alivuta pumzi. Alikuwa na matusi mazuri sana tayari, akayameza.

"Vaa viatu," akasema. "Na hivyo vilivyobaki njoo navyo. Nakuja kukuchukua."