Uji wa Njia ya Juu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu ameshasema, wanangu wamesema, na muuza maziwa naye alisema siku nilipomwaga maziwa yake kwenye kikombe changu mwenyewe nikayapima upya huku ananitazama. Sikatai. Lakini ujue kwanza nilikolelewa. Nimelelewa kwenye vilima vya Othaya, na katika miaka ile ya sabini watu waliosalitiana wakati wa Hali ya Hatari walikuwa wanakaa benchi moja kanisani. Padri akisema tupeane amani, wanashikana mikono na kutabasamu. Mimi nilikuwa siangalii mikono, naangalia macho.

Baba yangu alichukuliwa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Walimpeleka kambi ya ngati, yaani wenzetu weusi waliobeba bunduki upande wa Mzungu, kule juu karibu na msitu, ng'ambo ya Tetu. Hakurudi. Mama aliambiwa amekufa, basi. Hakuambiwa amezikwa wapi. Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, na tukaambiwa tusahau. Mama hakuwa na kesi na bendera. Alitaka kitu kimoja tu: kuonyeshwa mahali, ili aende asimame hapo, aseme lake, kisha arudi nyumbani akapike. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea kila mwaka katika hija ya mwezi wa nane, kina mama wa parokia yetu walipotembea kutoka kwetu hadi kanisa la hija karibu na mji wa Nyeri.

Kulikuwa na njia mbili. Njia ya chini ilipitia barabara kubwa na soko la Giakanja. Ni rahisi, ukichoka unakaa kwenye kibaraza cha duka. Njia ya juu ilipanda kwenye mashamba ya chai, ikashuka mtoni, ikapanda tena, matope mekundu mpaka magotini. Miaka yote tulipita chini.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha ualimu, najiona nimeelimika kuliko parokia nzima. Baada ya misa, kina mama walikaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa, na mwenyekiti wao akasimama akasema, "Mwaka huu tupite juu."

Haiya! Watu wakaguna. Juu, na baridi hii? Mwenyekiti akasema ati barabara ya chini imejaa malori, hakuna kusali, ni kumeza vumbi tu. Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe, mama, ningefurahi sana kama ungepita juu."

Hapo machale yakanicheza. Kwa nini yeye, katika wanawake wote hao? Nikaanza kujumlisha. Mwenyekiti alizaliwa huko juu. Kaka yake mkubwa bado alikuwa anaishi huko, na kaka huyo alikuwa ngati. Kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Halafu kulikuwa na uji. Wenyeji wa njiani walikuwa wakitungojea na uji wa hija, uliochachuka vizuri ndani ya vibuyu. Uji huo haukataliwi. Ukiukataa umeivunja hija yako. Na kwetu, ukinywa uji katika boma la mtu mbele ya mashahidi, umesema huna kinyongo naye. Yaliyopita yamepita. Nikaona mtego wote wazi kama mchana: wampitishe Mama bomani kwa yule mzee, wampe kibuyu, anywe kwa sababu hana njia ya kukataa, na mzee awe amesafishwa bila kufungua mdomo.

Nilimkuta Mama jikoni akimenya viazi.

"Wanataka ukanywe uji kwa yule mzee," nikasema.

Hakuuliza mzee gani. Alimaliza kiazi, akachukua kingine. "Pengine ako na kitu anataka kusema."

"Aseme nini, Mama? Miaka yote hii alikuwa ameshonwa mdomo?"

"Mimi niko na miguu ya kupita njia yoyote," alisema.

"Na goti lako je? Huko kuna mito ya kuvuka."

Goti lake halikuwa na neno. Liliwahi kumuuma wakati wa kuvuna kahawa, likapona. Lakini nililishikilia goti hilo siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka akachoka na mimi. "Sawa," alisema. "Tutapita chini. Wacha kelele."

Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kumpa habari, na nakiri nilikwenda kwa raha. Alikuwa anafagia uwanja wake. Nilipomwambia Mama atapita chini, ufagio ukasimama.

"Mwache mama yako aamue, mtoto wangu."

"Ameshaamua."

Akanishika mkono. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo refu, lakini majirani wawili walikuwa wanapita na mizigo ya kuni, akangoja wapite, na walipopita akawa amebadilisha nia. Akasema tu, polepole, "Basi mwambie hivi: uji wa juu umepikwa kwa ajili yake."

Unaona? Amejifichua mwenyewe, nikawaza. Nikamwambia nitafikisha. Sikufikisha.

Siku ya hija tuliondoka alfajiri, ukungu mpaka usoni. Njia zilipoachana, wachache wa kina mama walimfuata mwenyekiti juu, na sisi wengine tukashika ya chini. Mama alisimama pale njia panda muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti aligeuka kumtazama mara mbili. Nilimpokea Mama mkoba wake, wenye nduma zake za kuchemsha na chupa yake ya chai, nikatangulia, ikabidi anifuate.

Giakanja tulikunywa uji kwa mjane mmoja mcheshi aliyetutania kwamba tunatembea kama bata waliolishwa vizuri. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilikuwa nimemwokoa mama yangu, jamani! Mchana tulikuwa tumefika, tumekaa kwenye nyasi za kanisa la hija na miguu ndani ya beseni.

Wale wa juu walifika baraka imeshatolewa, matope mwilini, hakuna anayeimba. Mwenyekiti alikuja moja kwa moja kwa Mama, akaketi chini mbele yake, akaanza kulia kabla ya kusema.

Kaka yake alikuwa mgonjwa wa moyo. Alikuwa amemwambia dada yake peke yake: nileteeni mke wa yule mtu, tunywe naye kibuyu kimoja, kisha nitamshika mkono nimpeleke mahali tulipomzika. Lakini usiseme kwa mtu, maana nikitajwa kabla ya uji, ndugu za yule mtu watanijia na panga. Dada akaapa. Asubuhi hiyo mzee alikalia kigoda langoni akiwahesabu kina mama wakiingia. Alipoona wamekwisha na Mama hayumo, aliuliza yuko wapi. Wakamwambia amepita chini. "Basi amekataa," alisema, akainuka, akaingia ndani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa naangalia maji ya beseni. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Twende keshokutwa," Mama alisema. "Kesho nitakuwa nimechoka, nitaanguka njiani."

Tulipanda keshokutwa hiyo, sisi watatu: Mama, mwenyekiti na mimi. Langoni tulikuta majirani wamesimama na mikono mashavuni. Mzee alikuwa amepooza usiku uliotangulia. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao, nusu ya uso imeanguka, na mdomoni hakutoki neno, ni sauti tu. Alipomwona Mama, machozi yalimtoka jicho moja.

Mama aliomba uji. Akanywa kwanza yeye, mafunda mawili, mbele yetu sote. Kisha akachukua kijiko akamlowesha mzee midomo, akamfuta kidevu kwa ncha ya leso yake. "Nimekunywa," alimwambia. "Sasa nionyeshe."

Mzee akainua mkono uliokuwa bado mzima na kunyoosha kidole. Kilikuwa kinaelekea ukutani.

Tulitoka nje, tukazunguka nyumba, tukasimama upande wa pili wa ukuta huo. Ilikuwa chai. Mteremko mzima ulikuwa chai, iliyopandwa baada ya uhuru, imekatwa sawasawa kutoka nyuma ya nyumba hadi mtoni, na hapana hata kisiki kimoja cha zamani kilichobaki. Mama alirudi ndani akamuuliza tena, karibu au mbali? Juu au chini? Kidole kilikuwa kile kile, na ukuta ule ule. Mzee alikufa juma hilo.

Wakati wa kurudi Mama alitembea mbele. Tulipovuka mto aliniuliza bila kugeuka, "Mwenyekiti anasema alikupa neno uniletee."

"Ndiyo, Mama."

"Lilisemaje?"

"Kwamba uji wa juu umepikwa kwa ajili yako."

"Ningepanda," alisema. Hakulirudia jambo hilo maisha yake yote, na afadhali angenichapa.

Tangu mwaka uliofuata hakupita tena chini. Kila hija aliwaacha wenzake bomani kwa marehemu mzee wakinywa uji, akaingia kwenye ile chai, akachagua mahali ambapo hakuwahi kusimama, akasimama hapo akisema lake kwa sauti ndogo. Kila mwaka alisogea hatua chache. Mimi nilimngojea kwenye kijia nikiwa nimeshika mkoba wake. Miaka ilivyokwenda alikuwa ameumaliza karibu mteremko wote, mstari kwa mstari. Alikufa akiwa amebakiza sehemu ya chini, kando ya mto.