Nilivyohesabu mlolongo wa kumfukuza mwalimu wa kwaya, Eldoret, enzi za chama kimoja

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni atheist, siamini Mungu, na sifichi. Kila uzi wa humu ukigusa Wakristo na watu wa LGBTQ, huyu anarusha aya, yule anarusha matusi, na kufikia ukurasa wa tatu hakuna anayemsoma mwenzake.

Leo sirushi kitu. Naeleza jambo nililoliona kwa macho yangu na kulihesabu kwa mkono wangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Mkiona mahali nimeanza kukimbia mnivumilie, kwa sababu hadi leo mwili unanisisimka.

Ilikuwa Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, ule mwaka tuliopiga kura kwa mlolongo.

Kwa vijana: hapakuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama kwenye foleni nyuma ya mgombea wako, au nyuma ya picha yake, mchana, jirani zako wote wakikuona. Halafu mnahesabiwa. Na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi. Watu wazima wa humu wanajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, karani kwenye ghala la mahindi. Shule niliachia darasa la saba, lakini nilisoma kila kilichoangukia mkononi mwangu, hata gazeti lililofungiwa sukari. Kwa sababu ya mwandiko wangu nilifanywa katibu wa wazee wa kanisa. Niliandika minutes zote za vikao vyao. Nilipenda kazi hiyo kuliko ibada yenyewe, ingawa wakati huo sikuwa nimejikubalia.

Mwalimu wetu wa kwaya nitamwita Barnaba. Alifundisha shule ya msingi iliyokuwa chini ya kanisa letu. Aliishi na rafiki yake, Simiyu, fundi wa redio. Miaka sita hakuna aliyeuliza kitu. Wanaume wawili kugawana nyumba ya kupanga ni jambo la kawaida.

Kisha Barnaba akaugua malaria. Mzee mmoja akaenda kumwombea, akarudi na taarifa: nyumba ina kitanda kimoja.

Ni hilo tu. Kitanda kimoja.

Wiki hiyo hiyo wazee wakakutana. Mwenyekiti, Mzee Kirwa, alikuwa na shamba kubwa upande wa Moiben na sauti ya kuamrisha trekta.

"Hii si mambo ya huku," akasema. "Hii ni tabia ya pwani."

"Mzee, Mwalimu hajawahi kufika hata Nakuru," akajibu mzee mwingine.

Watu wakacheka, Kirwa hakucheka. Alitaka Barnaba atengwe na kanisa, na mimi niandike barua kwa mwalimu mkuu. Wote tulijua maana yake. Barua ya kanisa ikifika shule ile, kazi imeisha, na nyumba inafuata.

Wazee wakagawanyika nusu kwa nusu. Ndipo Kirwa akapata wazo.

"Washirika wapige mlolongo Jumapili. Si sasa tumeshajifunza?"

Wakuu, hapo ndipo alipokosea, na hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona. Niliandika tu: "Imekubaliwa."

Jumapili baada ya ibada tukatoka nje, kando ya ua wa miti ya misaiprasi. Kirwa akasimama upande mmoja. Barnaba akaambiwa asimame upande wa pili, bado hajapona vizuri, koti linamning'inia. Wanaoshiriki meza ya Bwana tu ndio wangehesabiwa. Mimi nilikuwa katikati na daftari.

Kwanza Kirwa akamuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, ni kweli au si kweli?"

"Mzee, naishi na Simiyu," akasema Barnaba. "Wewe mwenyewe umekunywa chai kwetu. Mara ngapi?"

Kirwa akasema watu wajipange.

Watu wakajaa nyuma ya Kirwa kama wanaogawiwa mbegu. Nyuma ya Barnaba, sifuri. Naandika sifuri kwa sababu niliiandika siku hiyo kwenye daftari. Yeye aliangalia mbele tu, hakugeuka kutazama kama kuna mtu.

Nikaanza kuitunga ile barua kichwani.

Halafu Mama Jeptoo akatoka kwenye mlolongo wa Kirwa. Huyu alikuwa mjane, anauza maziwa, na kwa kufunga na kuomba hakuna aliyemfikia. Akaanza kuvuka uwanja na Biblia yake kwapani.

"Mama, mlolongo wako ni huu," Kirwa akamwita.

"Najua nilikuwa nimesimama wapi, Mzee."

"Na unaenda wapi?"

"Mimi hayo mambo yenu ya pwani siyajui. Najua huu mgongo. Tulipomzika mzee wangu na mvua ile, nyinyi mlijificha kanisani. Huyu ndiye alikuwa mbele yangu amebeba jeneza."

Akasimama nyuma ya Barnaba, akatoa leso, akamfuta vumbi kwenye bega la koti. Basi.

Kisha mwanamke mmoja wa kwaya, wa sauti ya kwanza, akapaza sauti, "Na Pasaka nani atatuimbisha? Wewe Mzee? Ukiimba hata ng'ombe wanakatisha maziwa!"

Kicheko kikapasuka mlolongo mzima, na kwaya ikavuka! Sauti ya kwanza, ya pili, kisha wale wa besi wakijifanya wamefuata wake zao. Mkulima mmoja alivuka, akarudi, akavuka tena, mke wake akamshika mkono akamwambia, "Sasa simama, umenichosha."

Mimi nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mara tatu.

Kirwa akainua mkono. "Mlolongo wangu ni mrefu, mnaona wenyewe. Tufunge kwa maombi."

Ni kweli, ulikuwa mrefu. Lakini upande wake watu walikuwa wameachana, kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Upande wa Barnaba walikuwa wamebanana kama kuni.

Wakuu, mimi si shujaa. Mzee Kirwa ndiye aliyenipatia kazi ya ghala. Lakini namba nilikuwa nayo mkononi, na namba ikishaandikwa siwezi kuisoma vingine.

"Mzee, wako ni hamsini na nane," nikasema. "Wa Mwalimu ni sitini na moja."

"Hesabu tena, katibu."

Nikahesabu tena, kwa sauti, nikigusa kila bega. Wakati nahesabu, wengine watatu wakavuka mbele ya macho yangu. Ikawa hamsini na tano kwa sitini na nne. Akina mama wakapiga vigelegele!

Kirwa akavaa kofia yake na kuondoka bila maombi. Barua haikuandikwa.

Nilikuwa na furaha ya ajabu. Nikaenda kwa Barnaba kumpongeza.

"Asante, katibu. Umenisaidia," akasema. Kisha akaniuliza polepole, "Lakini wewe, nani amewahi kukupigia mlolongo ndio ulale nyumbani kwako?"

Wazo lile lilipopita kwa wazee, mimi ndiye niliyeandika "imekubaliwa". Sikuuliza kama ni jambo la kupigiwa kura.

Mtu atauliza kama yale ya Barnaba na Simiyu yalikuwa kweli. Ndiyo. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, akanipa ruhusa ya kusimulia.

Sasa nilichojifunza. Kirwa angeuliza tu, "Nani anapinga dhambi hii?" watu wote wangeinua mikono, Mama Jeptoo akiwa wa kwanza. Yeye akamweka mtu asimame, akatuambia tuchague kusimama nyuma yake au kumwacha peke yake. Hapo ikabidi kila mmoja amfikirie Barnaba, si neno "dhambi".

Na Biblia zilikuwa kwenye milolongo yote miwili. Kitabu kile kile, mahubiri yale yale ya asubuhi ile. Kwa hivyo si Kitabu kilichowatenganisha. Kila mtu alikuja nacho na moyo wake ukamwonyesha aya ya kusoma. Nilipoliona hilo sikuweza tena kuliacha. Nililifuata kwa miaka, kitabu baada ya kitabu, hadi nikajikuta siamini.

Kwa hivyo sisemi Wakristo ni wabaya. Nimewaona sitini na wanne wakisimama juani kwa ajili ya mtu ambaye mafundisho yao yanamhukumu. Nasema walikuwa wazuri kabla ya kufungua ukurasa wowote.

Barnaba aliendelea kuiimbisha kwaya ile hadi alipostaafu. Aliyetoka kanisani ni mimi.

Wakristo wa humu, nipingeni, lakini someni yote kwanza. Na kama umewahi kukaa kwenye kamati iliyomjadili mtu kama Barnaba, tuambie ulisimama upande gani. Hata kama ni ule wa Kirwa. Hao ndio ningependa kuwasikia zaidi.